Mama ameshauriwa virutubisho kwa ajili ya mgongo, naye anatumia wafarini: je, ni salama?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na amesumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu ya kiuno. Siku hizi anatibiwa na tabibu wa kairopraktiki, yaani mtaalamu anayetibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono, na kwa kweli anatembea kwa nafuu kuliko zamani. Kinachonitia wasiwasi ni ushauri wa lishe aliopewa huko: anywe vidonge vya kalsiamu, vidonge vingine vyenye vitamini D na K2 kwa pamoja, na unga wa kolajeni ambao ameambiwa utazijenga upya diski za mgongo (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa. Mama anatumia wafarini kwa sababu ya mapigo ya moyo yasiyo sawa, wala hakumbuki kama aliulizwa kuhusu dawa anazotumia. Je, lishe inaweza kuutibu mgongo, na je, vidonge hivi vina hatari kwake?

Tabibu wa kairopraktiki

Nakupongeza kwa kuuliza mapema. Nitaanza na wafarini, kwa kuwa mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi. Wafarini hupunguza kuganda kwa damu kwa kuzuia kazi ya vitamini K mwilini, kwa hiyo kidonge chenye K2 kinakwenda kinyume kabisa na dawa hiyo na kinaweza kumrudisha mama kwenye hatari ya kupata kiharusi. Ikiwa bado hajaanza kukinywa, asianze. Ikiwa ameanza, msikiache kimyakimya, maana kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, hubadilika unapoanza vitamini K na hubadilika tena unapoiacha. Wasilianeni leo na kliniki inayofuatilia dawa yake ili wapange siku ya kupima.

Kuhusu diski, napenda niseme wazi kwa sababu ahadi hiyo hutolewa mara nyingi katika taaluma yetu. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula chake kwa virutubishi kupenya taratibu kutoka kwenye pingili zilizo juu na chini yake, na kadiri miaka inavyosonga hupoteza maji na uwezo wa kujirekebisha. Kolajeni inayoliwa huvunjwavunjwa tumboni na kwenye utumbo kama protini nyingine yoyote, na hakuna njia ya kuielekeza iende kwenye diski fulani ya kiuno. Sioni sababu ya mama kuinunua. Anachoweza kukifanya kwa manufaa ya diski zake ni kuutembeza mwili na, ikiwa anavuta sigara, kuacha, kwa sababu uvutaji unahusishwa na uchakavu wa diski.

Lishe, hata hivyo, ina kazi kubwa kwenye mifupa na misuli inayoushikilia mgongo, na hapo ndipo ushauri wa tabibu kama mimi unapaswa kuelekea. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji takribani miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, hesabu inayojumlisha chakula na vidonge. Kikombe kimoja cha maziwa kina takribani miligramu 300. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na maharage huongeza kiasi kingine. Mboga zenye oksaleti nyingi (kemikali ya asili inayoishika kalsiamu), kama spinachi, zina kalsiamu ambayo mwili hunyonya kidogo sana, ingawa ni chakula bora kwa mambo mengine. Kwa hiyo kwanza ihesabiwe kalsiamu iliyomo katika mlo wake, ndipo kidonge kijazie pengo tu kama lipo. Protini nayo husahaulika kwa watu wa umri wake: wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye anahitaji maelekezo ya daktari wake.

Vitamini D ni ya lazima kwa asiye nayo ya kutosha, lakini kwa mwenye kiwango kizuri nyongeza haileti mengi. Matokeo ya utafiti wa VITAL wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya watu 25,000, yalionyesha kwamba yuniti 2,000 kwa siku hazikupunguza kuvunjika kwa mifupa kwa watu wazima ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu. Damu ya mama ipimwe kwanza.

Mfamasia

Naunga mkono yaliyosemwa, na naongeza mawili. Mama asiache kula mboga za majani kwa kuogopa wafarini. Kinachotakiwa ni kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, kwa kuwa dozi yake hupangwa kulingana na mlo aliouzoea. Pili, glukosamini, ambayo huuzwa sana kwa ajili ya viungo, imeripotiwa kupandisha INR kwa watumiaji wa wafarini, kwa hiyo akishauriwa hiyo pia aikatae mpaka azungumze na kliniki yake. Ikiwa itabainika kwamba anahitaji kidonge cha kalsiamu, asizidishe miligramu 500 kwa mara moja, kwani mwili hunyonya vizuri zaidi dozi ndogo, na kama anatumia dawa ya tezi ya shingo, apishanishe viwili hivyo kwa saa 4.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mama ameshaanza vile vyenye K2. Nimepiga simu kliniki na atapimwa kesho asubuhi. Je, aendelee na kairopraktiki yenyewe?

Tabibu wa kairopraktiki

Anaweza kuendelea, kwa masharti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Lakini kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na ambaye hatujui uimara wa mifupa yake, ile mikandamizo ya ghafla na ya nguvu haifai. Kuna mbinu za taratibu zinazotosha. Kabla ya ziara ijayo, mwandikieni tabibu wake orodha ya dawa zote, na mwombeni daktari wa mama aangalie kama anahitaji kipimo cha msongamano wa mifupa. Akipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, akashindwa kuzuia mkojo, miguu ikalegea, au maumivu yakaja pamoja na homa, aende hospitali mara moja, asisubiri siku ya kukandwa.