MJADALA: Gemu iliyotoka mbovu ikatengenezwa baadaye, alama yake ya siku ya kwanza ifutwe?

MLETA MADA

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna jambo linanikera kila gemu kubwa inapotoka, naomba tulijadili kwa hoja.

Mtindo umekuwa huu. Gemu inatoka, wiki ya kwanza watu wanalia: picha zinagandaganda, misheni hazikamiliki, gemu inajizima yenyewe katikati ya pambano. Wahakiki wanaandika walichokiona na wachezaji wanaipa alama za chini. Miezi inapita, masasisho yanashuka moja baada ya jingine, gemu inatengemaa. Hapo sasa linajitokeza kundi jingine: "Futeni yale mabaya mliyoandika, gemu imeshapona." Je, ile alama ya siku ya kwanza ifutwe au ibaki?

Mimi nasema ibaki. Ikihitajika iandikwe nyingine kando yake, lakini ya kwanza isiguswe.

Mfano unaonisukuma ni Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 baada ya kuahirishwa mara tatu. Kabla ya siku hiyo CD Projekt Red, studio iliyoitengeneza, waliwapa wahakiki nakala za kompyuta tu. Za PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa, na hata video walizoruhusiwa kuonyesha zilikuwa zile zilizotolewa na kampuni, si walizorekodi wenyewe. Alama zikaja za juu, na watu wengi wakawa wameshalipia kabla haijatoka. Ilipotua kwenye konsoli hizo za zamani, wapita njia walikuwa wanaibuka na kupotea mbele ya macho, kuta hazina rangi mpaka uzisogelee, na kasi ya picha inashuka kiasi kwamba huwezi kulenga shabaha. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka la PlayStation, na haikurudi mpaka Juni 2021.

Tangu hapo imefanyiwa kazi kubwa. Toleo la 2.0 la Septemba 2023 lilipangua mfumo wa ujuzi wa mhusika na wa polisi, likaujenga upya. Leo ni gemu nzuri, naipenda na huwapendekezea watu. Lakini aliyelipa Desemba 2020 hakuuziwa gemu ya 2023. Aliuziwa ile nyingine, na mahali pekee panapokumbuka kwamba ile nyingine ilikuwepo ni kwenye maandishi ya siku zile. Tukiyafuta tumemwambia yule mtu kwamba hakuona alichokiona.

Karibuni.


MCHANGIAJI WA 1

Mleta mada, heshima kwako, ila hapa tunapishana. Jiulize kwanza, alama ni ya nani? Ni ya mtu anayetaka kununua leo. Aliyenunua 2020 alishanunua, alama haimrudishii kitu. Ukimwonyesha mnunuzi wa leo hukumu ya gemu isiyokuwepo tena, umempotosha.

Angalia No Man's Sky. Ilipotoka Agosti 2016, mambo kadhaa yaliyokuwa yameahidiwa hayakuwemo, na lililouma zaidi ni kwamba wachezaji wawili waliposimama mahali pamoja hawakuweza kuonana. Hello Games walioitengeneza walipigwa mawe kwelikweli, na yalikuwa yanawastahili. Lakini hawakukimbia. Walinyamaza, wakafanya kazi, na 2018 sasisho la NEXT likawapa watu uwezo kamili wa kucheza pamoja. Yamefuata masasisho mengi makubwa na hawajamtoza senti aliyeinunua mwanzo. Pamoja na hayo yote, jumla ya maoni ya wachezaji wao kule Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haikufika daraja la "nzuri sana" mpaka Novemba 2024. Miaka minane! Studio ndogo imebeba adhabu ya mwezi mmoja kwa miaka minane. Unaona hiyo ni haki, mkuu?


MLETA MADA

Mkuu, mfano wako ni mzuri na nitakujibu kwa huohuo. Tangu 2016 Steam wanaonyesha vitu viwili: maoni ya karibuni upande mmoja, maoni yote tangu mwanzo upande mwingine. Mnunuzi wa leo anayaona yote mawili kwa mpigo. Hakuna aliyempotosha.

Halafu No Man's Sky ilipanda bila mtu yeyote kufuta chochote. Wachezaji wapya walikuja, wakaandika walichokikuta, wengine wa zamani wakarudi wakabadilisha maoni yao kwa hiari. Hiyo miaka minane naiona kama sifa yao kubwa kuliko zote. Ungefuta ile ya 2016, leo ungejuaje kwamba walipanda mlima?


MCHANGIAJI WA 2

Mimi nauliza kitu kidogo. Steam tangu 2015 wanakurudishia fedha zako ukiomba ndani ya siku 14, mradi umecheza chini ya saa mbili. Gemu mbovu si unairudisha tu? Alama za hasira za nini?


MLETA MADA

Ndugu yangu, saa mbili ni utangulizi tu kwenye gemu hizi za saa 60. Kasoro mbaya hazikai mlangoni. Nina gemu moja, sitaitaja, ilinipoteza kila nilichokuwa nimehifadhi nikiwa nimeshaicheza saa 30 na zaidi. Niliomba fedha zangu, nikajibiwa kwamba muda umepita. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika kuhusu kasoro ileile siku ya kwanza, mimi sikumsoma. Tangu siku hiyo nasoma maoni ya chini kabla ya yale ya juu.


MCHANGIAJI WA 3

Naona mnajadili kana kwamba kila alama ya siku ya kwanza imetoka kwa mtu aliyecheza. Hapo ndipo mimi nina shida na hoja ya mleta mada.

The Last of Us Part II ilitoka Juni 2020. Kuimaliza kunachukua zaidi ya saa 20. Ndani ya saa chache tangu itoke, ukurasa wake wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na za wachezaji, ulikuwa umejaa sifuri za watu ambao kwa hesabu tu hawakuweza kuwa wamefika hata nusu. Walichukizwa na hadithi iliyokuwa imevuja kabla. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka utaratibu kwamba mchezaji asubiri saa 36 tangu gemu itoke ndipo aruhusiwe kutoa alama. Sasa zile sifuri nazo ni "kumbukumbu" ya kuhifadhiwa?

Na kuna Helldivers 2. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wanaoicheza kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation, huduma ambayo nchi nyingi haipo kabisa. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yakamiminika kwa siku chache. Sony wakarudi nyuma. Gemu yenyewe haikuwa imebadilika hata chembe, ilikuwa ileile iliyosifiwa ilipotoka Februari. Mimi niliunga mkono ule mgomo kwa moyo wote, lakini siwezi kusema ulikuwa uhakiki. Kwa hiyo ukisema "ya kwanza isiguswe", tuambie kwanza ipi ni ya kwanza na ipi ni maandamano.


MLETA MADA

Dada, hapo umenibana, na nakubali sehemu. Sifuri ya mtu ambaye hajacheza si ushahidi wa kitu, na ule utaratibu wa saa 36 naukubali. Niseme hivi: kinachostahili kubaki ni maoni ya aliyeicheza.

Ila la Helldivers 2 sikuachii lote. Kwa mtu ambaye nchi yake haina huduma ile, gemu ilikuwa inaelekea kutochezeka kabisa. Kutochezeka ni kasoro ya gemu kama kugandaganda kulivyo kasoro. Tazama pia Hollow Knight: Silksong, iliyotoka tarehe 4 Septemba 2025. Wachezaji wa lugha nyingi waliisifu, lakini wasomaji wa Kichina waliipa alama za chini sana kwa sababu tafsiri yao ilikuwa ya ovyo, imejaa maneno ya kizamani yasiyoendana na maandishi ya asili. Bahati nzuri Steam mwezi mmoja nyuma walikuwa wameanza kuonyesha alama kwa kila lugha peke yake. Mchina hakudanganya na Mwingereza naye hakudanganya. Kila mmoja alifungua gemu aliyopewa yeye.


MCHANGIAJI WA 4

Naomba kuleta upande ambao haujaguswa.

Niliwahi kufanya kazi ya kupima gemu, studio siitaji. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kasoro, kuziandika, na kuzipanga kwa uzito. Nawahakikishia: karibu kila kasoro mnayoilaani siku ya kwanza ilikuwa kwenye orodha yetu miezi kadhaa kabla. Iliandikwa ikasomwa, kisha ikaamuliwa kwamba tarehe haisogezwi. Anayeamua hivyo hayupo kwenye chumba cha wapimaji wala cha waandika programu. Halafu alama ikija ya chini, inawaangukia waliosema tusitoe.

Na alama hizi zinagusa mifuko ya watu. Obsidian walipotengeneza Fallout: New Vegas, mwaka 2010, mkataba uliwaahidi bonasi iwapo wastani wa Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Hawakupata. Alama moja! Ndiyo maana nikisikia "ya kwanza isiguswe" nashtuka. Mleta mada, wewe unaona kumbukumbu, mimi naona mshahara wa mtu.


MLETA MADA

Kaka, pole, na asante kwa kuliandika hili. Nimelisoma mara mbili.

Lakini angalia kisu kimeshikwa na nani. Mhakiki aliyeandika kwa uaminifu kwamba gemu ina kasoro hakuandika ule mkataba. Aliyefunga riziki ya mtengenezaji kwenye wastani wa namba za watu wasiomjua ndiye wa kuulizwa. Na wewe mwenyewe umesema kasoro zilijulikana na tarehe haikusogezwa. Kwa nini haikusogezwa? Kwa sababu anayeamua anajua kwamba baada ya miezi sita litashuka sasisho, watu watasema "imeshapona", na yaliyoandikwa yatasahaulika. Kila tunapofuta, tunampa hoja ya kutumia kikao kijacho dhidi ya wapimaji kama wewe. Alama inayobaki ni silaha ya anayesema tusubiri.


MCHANGIAJI WA 1

Silaha butu, mkuu. Monster Hunter Wilds ilitoka tarehe 28 Februari 2025, maoni ya Steam yakawa mchanganyiko siku hiyohiyo kwa ajili ya uzito wake kwenye kompyuta. Capcom wakauza nakala milioni 8 ndani ya siku tatu. Alama iliwazuia nini?


MCHANGIAJI WA 3

Haikuwazuia siku tatu za kwanza, kweli. Lakini fuatilia miezi iliyofuata. Wachezaji wa kompyuta hawakunyamaza, na kufikia katikati ya mwaka maoni ya karibuni yalikuwa yameshuka mpaka daraja la chini kabisa. Aliyekuja kununua wakati huo alijua anaingia wapi.

Capcom haohao, Machi 2024, walitoa Dragon's Dogma 2. Wahakiki walicheza na kuandika sifa bila kuona vile vitu vidogovidogo vya kulipia fedha halisi, kwa kuwa vilitokea dukani siku ya kutoka tu. Wachezaji waliofungua duka wakakuta vimejipanga. Kwa hiyo, mleta mada, mimi sasa nakusogelea, ila kwa sharti: mhakiki aandike juu kabisa alipewa nini. Mashine gani, siku ngapi kabla, na kipi alikatazwa kuonyesha. Alama bila maelezo hayo sitaki ibaki wala ifutwe, naona isiandikwe kabisa.


MCHANGIAJI WA 2

Na wanaouza gemu isiyokamilika huku wanasema haijakamilika? Baldur's Gate 3 iliuzwa tangu Oktoba 2020 ikiwa na sehemu ya kwanza tu ya hadithi. Larian walisema wazi, watu wakalipa, wakalalamika, wakasikilizwa, mpaka ikatoka kamili Agosti 2023.


MLETA MADA

Hao sina ugomvi nao hata kidogo. Waliandika mlangoni kwamba nyumba inajengwa. Ugomvi wangu ni na anayekupa funguo usiku na kusema paa lipo. Na sharti la dada nalipokea lilivyo, ningependa hata maduka yalilazimishe.


MCHANGIAJI WA 5

Nimesoma tangu juu, sikutaka kuchangia, ila kuna gemu moja hamjaitaja.

Concord ilitoka tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba Sony wakaizima na kurudisha fedha za watu. Mwezi uliofuata wakatangaza kuifunga studio ya Firewalk iliyoitengeneza. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache walioicheza. Wahusika hawakunivutia na sikuona sababu ya kuacha gemu za bure za namna ileile, lakini uzito wa bunduki zake mkononi ulikuwa mzuri kuliko za gemu nyingi zilizo hai leo. Niliyaandika yote mawili wiki ile.

Haitasasishwa tena. Ilichezwa mtandaoni tu, na mashine za kampuni zilizoiendesha zimezimwa, hakuna duka inapouzwa, na hata mwenye diski akiiweka haingii popote. Anayetaka kujua ilikuwaje kuicheza atakuta maneno ya wahakiki na sisi wachache, yaliyoandikwa ndani ya wiki mbili, mengine kwa hasira, mengine kwa huruma. Mchangiaji wa 4, watu wenzako walifanya kazi miaka mingi pale. Ile sentensi yangu kuhusu bunduki sitaki mtu aifute.