Magari ya spoti ya umeme: nguvu ya sekunde 10 mnaitangaza kama ya siku nzima, huu ni wizi wa mchana

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho maana hili linatuhusu wote tunaopenda magari. Nimeendesha gari la spoti la umeme la daraja la juu kwenye uwanja wa mbio, kampuni siitaji kwa sababu ugonjwa ni wa soko zima, gari la mota mbili lenye namba ya hp (nguvu za farasi) kwenye brosha ambayo zamani ungeikuta kwenye magari ya kuhesabu tu duniani. Na nasema bila kupepesa macho, tunadanganywa. Tunauziwa zile sekunde za mwanzo, halafu uendeshaji wenyewe, ambao ndo maana nzima ya gari la spoti, kila mtu atajijua mwenyewe.

Nianze na haki yake, sitaki mtu aje kuniambia nachukia umeme. Ukikanyaga ekseleta hakuna kusubiri gia ishuke, hakuna turbo kujaza upepo, shingo inarudi nyuma na tumbo unaliacha ulikotoka. Ukitoka kwenye kona mota za mbele na nyuma zinagawana kazi haraka kuliko mfumo wowote wa gia na shafti niliowahi kuendesha, na kwa vile betri imelala sakafuni kabisa gari haliinami kwenye kona hata kidogo, unaweza kusahau kabisa umekalia tani mbili na ushee. Raundi ya kwanza nilikuwa napiga kelele peke yangu humo ndani. Ndo maana inauma sana kinachofuata.

Raundi chache tu mbele, natoka kona ya mwisho naingia kwenye mnyoosho mrefu, nakandamiza mpaka chini, gari linanijibu nusunusu. Naangalia dashibodi, ule mstari wa nguvu umeliwa kutoka juu, kipande kizima kimegeuka kijivu, na betri bado ina chaji zaidi ya nusu! Hakuna taa nyekundu, hakuna kengele, hakuna mtu amekuuliza, kompyuta imeamua tu kwamba wewe sasa hivi unaendesha gari lingine. Kwenye magari mengine ya umeme nguvu ikipunguzwa angalau wanakuwekea alama ya kobe unajua moja, huku unaachwa ugundue mwenyewe, tena ukiwa kwenye spidi, ukiwa umeshapanga wapi utakanyaga na wapi utafunga breki.

Sababu yake inajulikana na ndo inanikera zaidi. Betri imechemsha. Joto ndani ya seli, vile vibetri vidogo vinavyounda betri nzima, halipandi sambamba na mkondo wa umeme, linapanda kwa mraba wake, yaani ukivuta mkondo mara mbili unapata joto mara nne. Kanyaga mara moja barabarani, betri inapumua, joto linaondoka taratibu na kulanti. Kanyaga kona baada ya kona, halafu kila ukifunga breki mota zinarudisha umeme mwingi kwenye hizohizo seli, na huo nao ni mkondo, nao unaleta joto, kwa hiyo seli hazipumziki, zinachapwa kwenda na kurudi. Halafu atatokea mtu hapa kusema ah hilo limeshatatuliwa na mfumo wa volti 800. Mkuu, volti 800 zinapunguza mkondo kwenye nyaya na kwenye chaja, ila seli moja moja bado inatoa nguvu ileile na joto lake liko palepale. Dawa ni kipozeo kikubwa, rejeta kubwa na seli zenye ukinzani mdogo, vitu ambavyo vinaongeza gharama na uzito na havionekani kwenye klipu ya sekunde 3.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, maana hapa ndo pa kukasirikia hasa. Tesla Model S Plaid ya 2021 walitangaza kufika maili 60 kwa saa, kama kilomita 96, kwa sekunde 1.99. Vizuri. Lakini hiyo 1.99 imeshakatwa ile futi ya kwanza, sentimita 30 hivi, ambapo gari limeshaanza kutembea na saa haijaanza kuhesabu. Na ili upate namba yenyewe unaweka gari kwenye modi maalumu usubiri dakika kadhaa betri ipashwe moto na mota zipozwe. Porsche Taycan Turbo S ilipotoka 2019 ilitangazwa na PS 761 (PS ni hp ya kipimo cha Ulaya, karibu sawa), ambazo unazipata ukitumia launchi kontroli tu, yaani mfumo wa kuchomoka kwa nguvu zote kutoka kusimama, ukiendesha kawaida ni 625. Taycan Turbo GT ya 2024 imeenda mbali zaidi, ile 1,108 inayoandikwa kila mahali ni ya sekunde 2. Sekunde mbili wakuu! Nguvu yake ya kawaida ni 789, ambayo bado ni nyingi kupita kiasi, sasa kwa nini namba kubwa kwenye kichwa cha habari iwe ile inayokufa kabla hujamaliza kuvuta pumzi?

Na wasituambie haiwezekani kupima vingine. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa inataka mota za umeme zipimwe nguvu ya juu kabisa inayoweza kutolewa kwa dakika 30 mfululizo, na kuna nchi namba hiyo inaandikwa mpaka kwenye kadi ya gari. Kwa gari nyingi ni ndogo mno ukilinganisha na ya kwenye tangazo. Ipo, imeshapimwa, imeshasainiwa, lakini kwenye brosha huioni ng'o. Na hata hiyo inapima mota na vifaa vyake, betri ikichemsha ni hadithi nyingine ambayo mnunuaji haambiwi popote.

Breki nazo. Hapa nilipata hofu kabisa siyo kukereka tu. Gari la kilo 2,300 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa limebeba nishati karibu uniti moja nzima ya umeme, na yote hiyo lazima iende mahali kabla hujafika kwenye kona. Gari la spoti la petroli la kilo 1,500 kwa spidi hiyohiyo lina theluthi mbili tu ya mzigo huo. Kwenye umeme sehemu kubwa inachukuliwa na mota zinazozalisha, sehemu inayobaki inachukuliwa na pedi na diski, na kompyuta ndo inaamua nani afanye kiasi gani. Betri ikiwa imejaa au ikiwa imechemsha haitaki kupokea, basi mzigo unahamia kwenye pedi, na mguu wako unalijua hilo papo hapo: pedali ambayo raundi iliyopita ilikuwa ngumu na fupi sasa inashuka kidogo kabla ya kushika, halafu inashika ghafla. Ni milimita chache tu. Lakini dereva anaendesha kwa hizo milimita chache! Kona ileile, mguu uleule, gari linasimama tofauti. Nani amekubali hii iitwe breki ya gari la spoti? Mtu akipitiliza kwenye mchanga wataandika ni uzembe wa dereva.

Usukani sitaupotezea muda, ni mwepesi na hausemi kitu, tairi za mbele zimeanza kuteleza unaambiwa na macho siyo na mikono. Tairi zenyewe niliposimama mabega ya mbele yalikuwa yamechunika vipande kama raba ya kufutia.

Najua mtakuja na ile ya "nani anaenda uwanja wa mbio kila siku, barabarani hutaona hayo". Sawa, kama ni la barabarani liuzwe kama gari la barabarani lenye kasi, mimi sina shida na hilo. Lakini hawa wanatumia rekodi za Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani, kuuza, wanaweka modi ya treki (uwanja wa mbio) kwenye skrini, wanabandika nembo za mbio kwenye viti, wanachukua pesa ya gari la mbio. Huwezi kuchukua pesa ya mbio halafu ukiulizwa joto unasema gari ni la kwenda kazini.

Na wanaoweza kufanya vizuri wapo, kwa hiyo siyo kwamba fizikia imekataa. Hyundai Ioniq 5 N, gari la familia la milango mitano jamani, wamelifungia diski za mbele za milimita 400, wameweka modi ya kuandaa joto la betri ukichagua kama unaenda kukimbia mnyoosho au kuzunguka treki, na ile nguvu ya ziada wanaandika wazi ni ya sekunde 10, hp 641, nje ya hapo ni 601. Tofauti ndogo na imesemwa. Tesla Roadster ya kwanza ya 2008 ilijengwa kwa msingi wa Lotus Elise na ilikuwa na kilo 1,300 hivi. Leo tumepata seli bora zaidi, na badala ya kuzitumia kupunguza uzito tumezitumia kuongeza hp za kutangazia na kubeba skrini hata mbele ya abiria.

Ninachotaka ni vitu vinavyoandikika kwenye ukurasa mmoja. Nguvu ya dakika 30 iandikwe kwa herufi kubwa sawasawa na ile ya sekunde 2. Waseme betri ikiwa asilimia 30 inabaki nguvu kiasi gani, maana volti zikishuka nguvu nayo inashuka na hilo nalo wamelinyamazia. Muda wa kufika kilomita 100 upimwe gari likiwa limesimama kweli. Na kompyuta ikipunguza nguvu au ikihamisha breki kwenda kwenye pedi, dereva aambiwe mbele ya macho yake, kwa sauti, sekunde hiyohiyo.

Wenye magari haya mlioyapeleka treki, siyo wa video, nyie mliokaa nyuma ya usukani: wekeni hapa aina ya gari, joto la hewa siku hiyo, chaji ilikuwa asilimia ngapi ulipoingia, na nguvu ilianza kukatwa raundi ya ngapi. Picha ya dashibodi ukiwa nayo weka pia. Wauzaji mnaopita humu nanyi jibuni, ila mkija na sekunde za kufika 100 sitawajibu.