Kikundi cha Ukoo: Safari ya Auburn, Jumamosi

Jumatatu, saa 1:12 usiku
Dada Mkubwa: Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni kwa wengine wote. Nakumbusha kwa mara ya tatu kwamba Jumamosi tunampeleka Baba Auburn akaione sanamu ya Bo Jackson, yule nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Auburn, iliyo nje ya Uwanja wa Jordan-Hare, na kwamba kila mmoja aliombwa aandike kumbukumbu moja ya uchezaji wa Bo chuoni, nami nitazisoma garini njiani. Humu tumo 23. Ujumbe wa jana umesomwa na 21, na aliyejibu ni Shemeji peke yake, tena aliulizia chakula.

Shemeji: Na bado sijajibiwa.

Saa 1:40 usiku
Binamu wa Atlanta: Mimi nilikuwa mtoto mchanga, kwa hiyo nategemea kanda. Inayonishangaza hadi leo ni ile ya Baltimore mwaka 1990, alipoudaka mpira akiwa katika mbio kali, akaukuta ukuta mbele yake, akaupanda kwa hatua kadhaa kisha akateremka kama mtu anayeshuka ngazi za kwao.

Dada Mkubwa: Hiyo ni besiboli ya kulipwa, Binamu. Nimesema chuoni, yaani 1982 hadi 1985.

Kitindamimba: Basi niandike kwamba alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.12? Rafiki zangu wanabisha. Wanasema ilipimwa kwa saa ya mkononi na kidole cha mtu huchelewa.

Binamu wa Atlanta: Kidole kilichelewa kwa sababu mwenye kidole alikuwa bado anashangaa.

Dada Mkubwa: Andika yadi 1,786 alizokimbia msimu wa 1985, ule alioshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, kwa sababu hizo hazina ubishi. Na uandike maneno kamili, unajua Baba hasomi vifupisho. Sasa, nani ana gari linaloweza kubeba kiti cha magurudumu?

Mama Mdogo: Kabla ya gari, nani atalipa meza yangu ya kioo? Kuna mtu humu aliruka juu ya kochi langu akisema anaonyesha jinsi Bo alivyoruka, akaishia mezani.

Shemeji: Nilipata urefu, Mama. Nilichokosa ni mahali pa kutua.

Dada Mkubwa: Gari, jamani. Kutoka Birmingham ni zaidi ya saa mbili kidogo na sina jibu hata moja.

Binamu wa Atlanta: Mradi dereva asielekee upande usio wake kama Bo mwaka 1984, tukafungwa 17 kwa 15 na mahasimu wetu, Chuo Kikuu cha Alabama.

Saa 3:05 usiku
Baba Mdogo: Samahanini kwa kuchelewa. Yangu ni ile ya tarehe 27 Novemba 1982, hapa Birmingham, Uwanja wa Legion Field. Tulikuwa tumefungwa na Alabama miaka tisa mfululizo, na siku hiyo tena walituongoza 22 kwa 17, zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei. Lilikuwa jaribio la nne na la mwisho, yadi moja kutoka mstari wa kufungia. Walinzi walijua mpira atapewa nani, wakajipanga ukuta mmoja, na kijana wa mwaka wa kwanza akapaa juu yao wote, miguu ikiwa juu kuliko kofia zao. Tukashinda 23 kwa 22. Mpaka leo nikifumba macho namwona yuko hewani.

Dada Mkubwa: Asante sana, Baba Mdogo. Hii ndiyo nitakayoanza nayo.

Shangazi: Kaka yangu, ukimwona yuko hewani, unamwona ukiwa umekaa wapi?

Baba Mdogo: Dada, mambo ya miaka arobaini tuyaache.

Shangazi: Nimeyaacha miaka yote hiyo, lakini sasa yanaenda kusomwa mbele ya mwenyewe.

Jumanne, saa 12:20 asubuhi
Mzee: Nimesoma yote. Mruko ule sikuuona, na aliyekuwa nami hakuuona pia. Tulitoka mapema kwa ajili ya msongamano wa magari, na funguo hazikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango uwanja ulipolia, mlio ambao sijausikia tena, na ndipo tukaanza kuuliza watu waliokuwa wakilia njiani kimetokea nini. Mwaka uliofuata nilikwenda peke yangu, tukapigwa na mvua na upepo, na Bo akakimbia yadi 256. Mara mbili alipita katikati ya walinzi akaenda hadi mwisho, mara ya kwanza yadi 69 na ya pili 71, juu ya majani bandia yenye maji ambayo wenzake walikuwa wakiteleza kwa kutembea tu. Mtu wa kilo mia moja, na hakuteleza. Hiyo niliiona. Nisisomewe nisichokiona.

Saa 2:00 asubuhi
Dada Mkubwa: Shikamoo Baba. Tumekusikia.

Saa 11:48 jioni
Dada Mkubwa: Ndugu zangu, ujumbe wa Baba umesomwa na wote 23 na hakuna aliyeandika neno tangu asubuhi. Naomba tusinyamaze, kwa kuwa suala la gari bado liko palepale.

Saa 4:31 usiku
Baba Mdogo: Kaka, funguo zilikuwa kwangu, ni kweli. Jumamosi nitaleta gari kubwa, na tutakaa pale kwenye sanamu mpaka utakaposema mwenyewe twende.

Shemeji: Kwa hiyo tutahitaji chakula cha mchana na cha jioni.

Dada Mkubwa: Gari lako lina viti saba, Baba Mdogo, nasi tuko tisa pamoja na kiti cha magurudumu. Binamu, utapitia Birmingham au utatukuta Auburn? Na Baba, nikuhesabu kwamba unakwenda? Naomba majibu kabla ya Ijumaa mchana.

Kitindamimba: Ile ya sekunde 4.12 niiache au niiandike?