Vidonge vya manjano na kalsiamu ya Shangazi

Shangazi Rehema: Hamjambo wanangu. Ninameza vidonge vya manjano kwa ajili ya magoti, na vya kalsiamu kwa ajili ya mifupa kama daktari alivyonielekeza. Sasa nimetumiwa ujumbe wa sauti unaodai kwamba manjano huichota kalsiamu kutoka mifupani. Zawadi, wewe ndiye mfamasia wetu, hebu nitoe wasiwasi.

Zawadi: Shikamoo shangazi. Ujumbe huo umechanganya mambo. Manjano yana oksalati, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea mingi, ambayo ikikutana na kalsiamu utumboni huungana nayo, zikawa chembe ngumu zisizoyeyuka, kisha zikatoka na choo. Kinachopotea hapo ni kalsiamu ya chakula au ya kidonge, kabla haijaingia hata kwenye damu. Ile iliyomo mifupani haiguswi.

Baraka: Shikamooni. Inapotea kiasi gani lakini, dada? Kama inapotea yote, basi hicho kidonge cha kalsiamu ni kazi bure.

Zawadi: Takribani gramu 3 za unga wa manjano kwa siku huleta kama miligramu 55 za oksalati. Hata yote ikipata kalsiamu ya kuungana nayo, itashika miligramu 25 hivi, ilhali vidonge vingi vya kalsiamu huwa na miligramu 500 au zaidi. Kwa upande wa mifupa, sioni hasara ya kumkosesha mtu usingizi. Ninachokihofia mimi ni figo, ambazo naona huyo wa ujumbe wa sauti hakuzikumbuka.

Mjomba Hamisi: Hapo umenigusa. Mimi niliwahi kutolewa kijiwe cha figo, nikaambiwa ni cha kalsiamu, na tangu hapo ninajiepusha nayo. Vidonge vya manjano navyo ninavitumia, kwa sifa alizozimwaga Rehema humu humu.

Zawadi: Shikamoo mjomba. Vijiwe vingi vya figo ni vya kalsiamu oksalati, yaani ni wawili walioshikana. Oksalati ikikosa kalsiamu utumboni, hufyonzwa na kuingia kwenye damu, ikapelekwa hadi kwenye figo, na huko ndani ya mkojo ndiko inakoipata kalsiamu na kuganda nayo. Oksalati ya manjano huyeyuka kwa urahisi kwenye maji, kwa hiyo hufyonzwa kuliko ya mdalasini, ambayo sehemu yake kubwa haiyeyuki.

Mjomba Hamisi: Kwa hiyo kujinyima kalsiamu ni kuifungulia oksalati mlango?

Zawadi: Ndivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Italia, wanaume 120 waliokuwa wakisumbuliwa na vijiwe mara kwa mara walifuatiliwa kwa miaka 5. Kati ya 60 waliopunguza kalsiamu, 23 walirudiwa na vijiwe. Kati ya 60 waliobaki na kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, walikuwa 12. Kwa hiyo, mjomba, usiikimbie kalsiamu iliyomo kwenye chakula, ila vidonge vya manjano viweke kando hadi uzungumze na daktari wako. Ile chembe ya manjano inayotiwa kwenye sufuria haina neno.

Shangazi Rehema: Na mimi nisiyewahi kuumwa figo, nivitenganishe?

Zawadi: Hapana, shangazi, mimi ningevimeza kwenye mlo mmoja. Afadhali kalsiamu kidogo ipotee utumboni kuliko oksalati kusafiri peke yake hadi kwenye figo. Soma lebo pia: kalsiamu kaboneti huhitaji asidi inayotoka tumboni wakati wa kula, ile ya aina ya sitrati haijali. Na usizidishe miligramu 500 kwa mara moja, kwa kuwa kadiri unavyomeza nyingi kwa pamoja ndivyo sehemu inayofyonzwa inavyopungua.

Shangazi Rehema: Changu kimeandikwa kaboneti, miligramu 500, nami nimekuwa nikikimeza usiku ninapokwenda kulala. Kinahamia kwenye chakula cha mchana.

Mjomba Hamisi: Mimi ninamwona daktari Jumatano. Nitakwenda na kopo lenyewe mkononi, maana sitaki kusimulia kwa kukisia.