Nimeibana video ya ibada ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa: nimekosea wapi?

MtuWaRau (Moshi)

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninasaidia kwenye vyombo katika usharika wetu hapa Moshi, na ibada zetu kubwa, yaani Pasaka, kipaimara na mavuno, huwa tunazirusha mubashara kwenye chaneli yetu ya YouTube. Diski iliyokuwa na rekodi za asili ilikufa, kwa hiyo nakala pekee tulizobaki nazo ni zile nilizozipakua kutoka kwenye chaneli hiyo. Wazee wanazitaka kwenye flashi ili wazitazame nyumbani kwenye runinga, kwa sababu si kila mmoja ana bando la kumtosha kutazama saa tatu mfululizo.

Ibada ya kipaimara ina urefu wa saa 3 na dakika 10, ukubwa wake ni GB 4.6, na picha yake ni 1920 kwa 1080. Nilipoinakili kwenye flashi tupu ya GB 16, kompyuta ilikataa na kusema kuwa faili ni kubwa mno, jambo ambalo sikulielewa. Nikaamua kulibana kwa HandBrake, programu ya kubana video. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba namba ndogo ya CRF, yaani kipimo cha ubora wa picha, ndiyo yenye ubora, nikaweka 18, nikaiacha kompyuta ikifanya kazi usiku kucha, na asubuhi nikakuta faili la GB 6.1. Mara ya pili nikaacha CRF na kuweka bitreti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, ya kilobiti 700. Faili likashuka hadi GB 1.2, lakini kwaya ikianza tu kuyumba, vitenge vyao vinageuka vijisanduku.

Ningependa ibada saba ziingie kwenye flashi moja. Ipo pia video ya maziko yaliyofanyika nyumbani kwa marehemu, Kibosho, ambayo familia imeiomba. Naomba mnielekeze.

Fundi_Kijenge (Arusha)

Pole na kazi, ndugu yangu. Kosa lako si kubwa: umelichukulia faili lililokwisha kubanwa kana kwamba ni rekodi ghafi. Picha ilipotoka kwenye kamera ilibanwa na programu yenu ya kurushia matangazo, ikabanwa tena na YouTube, na wewe sasa unaibana mara ya tatu, na kila mbano hutupa kitu ambacho hakirudi tena. Unapoweka CRF 18 (HandBrake huiandika RF) unaiambia x264, yaani injini inayobana picha ndani ya HandBrake, itunze kwa uaminifu mkubwa kila inachokiona, na inachokiona kwenye faili lako ni pamoja na makovu ya mibano iliyotangulia: kingo za vijisanduku, ukungu unaozunguka maneno ya wimbo yaliyoandikwa chini ya picha, na chenga za zile pembe za kanisa zisizofikiwa na mwanga. Programu haijui kwamba hayo ni makovu. Inayatunza kama inavyoutunza uso wa mchungaji, na ndiyo maana ukapata GB 6.1 za picha isiyozidi hata chembe ile ya GB 4.6.

Kipimo cha CRF kwa x264 huanzia 0 hadi 51, na chaguo-msingi lake ni 23. Ukipandisha kwa 6, ukubwa wa faili hupungua kwa takriban nusu; kwa hiyo kutoka 18 kwenda 24 ungetarajia kitu cha GB 3 hivi bila kugusa kitu kingine. Ukiishusha picha iwe 1280 kwa 720, nukta zinapungua kutoka 2,073,600 hadi 921,600, na faili linashuka zaidi. Najua wengi hawapendi kusikia habari ya kushusha, lakini kwa matangazo ya mubashara yaliyokwisha kubanwa mara mbili, nukta nyingi kati ya hizo milioni mbili zimebeba ukungu tu.

Sasa nije kwenye video ya Kibosho, kwa sababu ndiyo itakayokutesa. Kodeki, yaani mfumo wa kubana video, haihifadhi nzima kila fremu, ile picha moja moja inayounda video. Huweka moja kamili, kisha zinazofuata huandikiwa tofauti tu. Mchungaji akiwa mimbarani na kamera imetulia kwenye tripodi, kinachobadilika ni midomo na mikono, basi. Lakini kwenye maziko ya nyumbani, waombolezaji wamesimama kati ya migomba, na wewe unayajua majani ya mgomba: upepo umeyachana vipande vyembamba, na kila kipande kinapepea upande wake. Ongeza mpigapicha aliyeshika kamera mkononi huku akitafuta njia kati ya watu, na hakuna sehemu ya fremu iliyopita inayoweza kutumika tena kama ilivyo. Niliwahi kubana harusi ya Marangu ambayo dakika 12 za bibi harusi akitoka kwao kupitia migombani zilikula nafasi kubwa kuliko dakika 40 za hotuba ukumbini, kwa CRF ileile. Kwa hiyo usishangae CRF moja ikikupa ukubwa tofauti kabisa kwa video mbili zenye urefu sawa. CRF inalenga ubora, na ukubwa unakuja wenyewe.

Nakushauri uanze na 720, CRF 22 au 23, preseti ya slow (mpangilio wa kubana polepole), lakini usibane ibada nzima kwanza. HandBrake inakuruhusu kuchagua sehemu kwa sekunde. Chukua dakika mbili ambazo kwaya inayumba zaidi, wala si dakika mbili za mwanzo ambazo kwa kawaida ni za watu kutafuta viti. Zibane kwa 21, 23 na 25, kisha zitazame kwenye runinga, ukiwa umekaa umbali ule watakaokaa wazee. Ukizitazama kwenye kompyuta na pua yako ikiwa kwenye kioo utachagua 18 tena.

Mhariri_Tengeru

Nakubaliana na kaka Fundi isipokuwa mahali pamoja. Yeye anazungumzia ubora, nawe una flashi yenye ukubwa unaojulikana. Ukitaka ibada saba zitoshe kwenye GB 16, kila moja isizidi GB 2 hivi, na hesabu yake ni nyepesi: GB 2 ni kilobiti milioni 16, ukizigawa kwa sekunde 11,400 za ibada yako unapata kama 1,400 kwa sekunde. Toa 128 za sauti, zinabaki 1,270 za picha. Weka namba hiyo kama wastani na uchague mbano wa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inapita tu ikipima sehemu ngumu na rahisi. Wa pili ndiyo inaandika, ikiwa tayari inajua mahubiri yanahitaji kidogo na kwaya inahitaji zaidi. Tofauti na 700 yako ni kwamba ile ilikuwa ndogo mno kwa picha ya 1080, ukigawa vyovyote vile. Kwa video moja ya familia, kama ile ya Kibosho, hapo CRF ndiyo nzuri, kwani hakuna anayekubana kwa ukubwa.

Sauti usiiguse. Kwa ibada yako, sauti ya AAC (aina ya mbano wa sauti) ya kilobiti 128 ni kama MB 182 tu. Ukiishusha hadi 64 unaokoa MB 91 na unaharibu kwaya, ambayo ndiyo wazee wanaitakia hiyo video. Chagua kuipitisha ilivyo. Ila angalia kwanza: kama faili ulilopakua ni la WebM, aina nyingine ya faili la video, sauti yake huenda ni Opus, mbano mwingine wa sauti, na runinga nyingi za zamani hazitaitoa. Hapo utalazimika kuigeuza iwe AAC.

Na umeme. Huu ni ushauri wa mtu aliyekwisha kulia: ukibana moja kwa moja kwenda MP4 na umeme ukakatika saa kumi usiku, faili halitafunguka, kwa sababu MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa. MKV, aina nyingine ya kasha la video, iliyokatika njiani huwa inafunguka mpaka pale ilipoishia, hivyo angalau unaweza kukagua ulichopata. Mimi siku hizi nabana kwenda MKV, kisha nahamishia kwenye kasha la MP4 kwa FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, bila kubana tena:

ffmpeg -i ibada.mkv -c copy ibada.mp4

Kazi hiyo huisha kabla maji ya chai hayajachemka. H.265, aina ya mbano mpya kuliko H.264 inayotengenezwa na x264, ingekupa faili dogo zaidi kwa ubora uleule, lakini inachukua muda mrefu zaidi, na runinga ya inchi 32 ya miaka kumi iliyopita inaweza kukuonyesha giza tu. Kwa wazee, baki na H.264.

Mwalimu_Ngaramtoni

Samahani kwa kuchelewa kuingia, lakini naona hakuna aliyejibu kwa nini flashi ilikataa. Flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni maradufu ya hapo. Ukiifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, itapokea, ila runinga na ving'amuzi vingi vya zamani havisomi exFAT, na utarudi palepale. Kwa mtu anayetaka ibada moja tu, njia safi ni kuligawa faili vipande viwili bila kulibana: programu ya MKVToolNix inakata kwa ukubwa au kwa muda, na picha inabaki ileile, nukta kwa nukta. HandBrake haiwezi kazi hiyo, maana yenyewe lazima ibane picha upya kila mara.

Neno moja kwa wengine watakaosoma uzi huu: ndugu yetu anashughulikia ibada za usharika wake kutoka kwenye chaneli yao. Filamu zinazopakuliwa kwenye huduma za kulipia ni habari nyingine. Zimefungwa kwa makusudi, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Usiniulize namna ya kuzifungua.

Na faili la GB 4.6 usilifute hata baada ya kufanikiwa. Linunulie diski.

MtuWaRau (Moshi)

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimefanya jaribio kama alivyoagiza kaka Fundi, kwa dakika mbili za wimbo wa kuingilia. Kwenye kompyuta niliiona tofauti kati ya 21 na 25 waziwazi, hasa kwenye mikunjo ya vitenge. Kwenye runinga ya mama yangu, nikiwa nimekaa kwenye kochi, kati ya 21 na 23 sikuiona kabisa, na 25 ilianza kuchafuka pale tu kwaya yote ilipogeuka kwa pamoja. Mama mwenyewe alisema zote ni nzuri, kisha akauliza kwa nini wimbo unakatishwa kila mara.

Nikabana ibada nzima kwa mizunguko miwili kama alivyoshauri Mhariri, na limetoka faili la GB 1.98, ambalo vitenge vyake ni vitenge. Maziko ya Kibosho nimeyaacha kwenye CRF 23. Yana saa moja na nusu tu, na yamefika GB 1.7, karibu sawa na ibada nzima. Nimeyaamini majani ya mgomba.

Limebaki jambo moja. Kwenye kompyuta sauti inakwenda sawa na midomo, lakini kwenye runinga, kufikia mahubiri, mchungaji anaanza kusikika kabla hajafungua kinywa.

Fundi_Kijenge (Arusha)

Hiyo ni idadi ya fremu kwa sekunde kutokuwa ya kudumu. Matangazo ya mubashara hudondosha fremu pale intaneti au kompyuta inapozidiwa, na baadhi ya runinga hazijui kuyafidia mapengo hayo, kwa hiyo kasoro inakua kadiri video inavyosonga. Kwenye ukurasa wa Video wa HandBrake, acha idadi ya fremu iwe sawa na ya chanzo, lakini uchague iwe ya kudumu badala ya kubadilika. Itakubidi ubane tena kutoka kwenye faili la GB 4.6, wala si kutoka kwenye hili la GB 1.98. Jaribu kwanza dakika kumi za katikati ya mahubiri kabla hujaipa usiku mwingine.