Breki inalainika nikiteremka Kericho kwenda Ahero: nibadilishe pedi tu?

MkaziWaNjoro
Hamjambo wadau. Kila mwisho wa mwezi nawapeleka watoto kwa nyanya yao Kisumu, buti imejaa. Gari ni dogo, otomatiki. Hadi Mau Summit na Londiani halina neno. Nikishapita Kericho na kuanza kuteremka kuelekea Awasi, pedali inalainika, mguu unaenda chini kuliko kawaida na harufu ya kuungua inaingia ndani. Nikisimama Ahero kununua mchele, breki inarudi sawa kabisa. Fundi wangu amefungua gurudumu moja la mbele, akasema pedi zimeisha, nibadilishe basi. Nimwamini? Tunasafiri Ijumaa.

FundiKondele
Pedi badilisha, lakini shida haiishii hapo. Pedi zikipata moto kupita kiasi, pedali hubaki ngumu ila gari halishiki. Yako inalainika, maana yake mafuta ya breki yanachemka. Hayo mafuta hunyonya unyevu wa hewa polepole. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya huvumilia hadi nyuzi 230 hivi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwa 155. Mvuke ukiwa ndani ya mabomba hukandamizika, mguu unazama. Yakipoa, unaona kama mambo ni shwari. Mwambie amwage yote, ajaze mapya, atoe hewa magurudumu yote manne. Kila miaka miwili hivyo. Ukimwona anaongezea tu juu kwenye kikopo, chukua ufunguo wako uondoke.

BwanaGia
Mimi nasema master silinda (pampu kuu ya breki) imekufa.

FundiKondele
@BwanaGia apime basi. Gari limesimama, injini inawaka, akanyage breki ashikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole, uko sahihi.

MamaMuhoroni
Dada, au kaka, hata ukiweka mafuta ya dhahabu, hiyo barabara inataka gia. Watu wanaiacha gia kwenye D halafu wanakalia breki mteremko mzima. Zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa), au shusha hadi S au 2 kabla mteremko haujaanza. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayokushikia gari. Salgaa na Sachangwan malori mangapi yamemalizikia huko kwa sababu dereva alitoa gia ili abane mafuta?

Lurambi_Road
Ukifika chini, peleka kiganja karibu na kila rimu, usiishike. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, kalipa (kibanio cha pedi) imekwama. Na kwa mzigo huo soma tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni (si DOT ya mafuta), 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016. Hizo za umri huo mimi sizipeleki popote.

MkaziWaNjoro
Asanteni. (Ni dada.) Nimeshikilia, haizami. Nimechungulia kikopo, mafuta ni meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mfuniko umeandikwa DOT 3. Naweza kuweka DOT 4?

FundiKondele
Weka, zinaelewana, na DOT 4 inavumilia moto zaidi. DOT 5 ya silikoni ndiyo usiiguse. Lita moja itatosha, na nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Ile nusu iliyokaa wazi gereji imeshanyonya maji. Kama hatakuwa amemaliza kufikia Ijumaa, pandeni matatu.