Drag Star Classic 400 ya mwaka 2004, kilomita 41,000: nitadumu nayo?

Kijana wa Tabata:
Wakuu salaam. Nimeonyeshwa Yamaha Drag Star Classic 400 iliyotoka Japani, imetembea kilomita 41,000. Nimezoea Boxer ya cheni, haya mambo ya shafti, chuma kinachozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni, siyajui. Nataka ya kukaa nayo, si ya kuuza mwakani. Nikague wapi?

Mzee wa Kigamboni:
Mkuu, ninayo kama hiyo, huu mwaka wa tisa. Kilomita hizo zisikutishe. Injini yake ya V haikamuliwi sana, ukiilisha oili safi na kuseti tapeti (nafasi za vali) inakaa. Mimi namwaga oili kila kilomita 3,000 kwa sababu ya foleni: inapozwa kwa hewa, na ukisimama makutano ya Tazara jua la mchana hewa hiyo haipo. Kopo liwe limeandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Fundi mmoja aliwahi kuniwekea oili ya gari, klachi ikaanza kuteleza. Injini inalia, pikipiki haiendi.

Sasa shafti. Watu watakwambia haina matunzo, na hapo ndipo wanapoumia. Siku ya kwanza nilipotoa tairi la nyuma kuziba pancha, ulimwagika unga mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Grisi kwenye meno yanayounganisha gurudumu na difu (boksi la gia la nyuma) ilikuwa imekauka zamani, chuma kinasaga chuma. Nikapitisha ukucha, kila jino limeliwa upande mmoja. Namshukuru Mungu yalikuwa bado na nyama. Nilisafisha, nikapaka grisi ya molibdeni, na tangu hapo tairi halirudi bila kupakwa. Oili ya difu yenyewe haifiki robo lita, usiionee ubahili.

Mwombe muuzaji mtoe tairi hilo kabla hujalipa. Akikataa, ondoka.

Na kama unakaa karibu na bahari, osha kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Chumvi huanzia pale spoki inapoingia kwenye rimu.

Dereva wa Morogoro:
Ya 2004 ni ya kabureta. Ukisafiri mwezi mzima, mwaga petroli iliyobaki mle ndani, la sivyo jeti (vitundu vya kupitisha petroli) zitaziba na injini haitatulia silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Betri nayo chomoa.

Kijana wa Tabata:
Nimerudi, wakuu. Tairi limetolewa mbele yangu. Meno yana grisi nyeusi, hakuna unga mwekundu, nimepitisha ukucha kama ulivyosema. Ila tyubu ina viraka vinne, na tairi limepasuka-pasuka ubavuni. Tarakimu za tarehe zinasomeka 2311.

Mzee wa Kigamboni:
Wiki ya 23, mwaka 2011. Apunguze bei ya tairi mbili na tyubu zake, kisha ichukue. Lakini usiipande hata kuifikisha nyumbani, ipakie kwenye kirikuu.

Kijana wa Tabata:
Amepunguza. Kirikuu kinakuja saa nne.